Watoto wapelekwe wapi Mwanza wikiendi? Nendeni Saanane, ila wahini asubuhi

Dada uliyeuliza, umesema umehamia Mwanza na watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine 8, na unatafuta pa kuwapeleka Jumamosi pasipo baa wala muziki wa kupasua masikio. Wengi humu wamekutajia fukwe. Mimi nasema Saanane.

Ni kisiwa kidogo hapo hapo mjini, mnavukia Capri Point. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, na kwa kilomita za mraba 2.18 ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote nchini. Kwa mwenye watoto, udogo huo ndio raha yenyewe. Serengeti mtoto wa miaka 4 anasinzia garini kabla hajamwona twiga. Hapa anatembea kwa miguu yake, akichoka anakaa kwenye jiwe, mnaendelea.

Boti ni dakika chache. Watoto wavae maboya kabla injini haijawashwa, na kama ya saizi yao hayapo, usione aibu kusubiri. Asubuhi ndiyo saa yake: mchana upepo ukishaanza, ziwa linachafuka na mnarudi mmelowa. Na mawe yanaunguza jua likipanda.

Wangu walifuata swala na pundamilia. Wakawaona, wakashangilia weee, wakaridhika. Aliyewateka macho ni mjusi. Kuna wale madume wenye kichwa na mabega ya rangi nyekundu na mwili wa buluu, wanaoota jua juu ya mawe. Anakutazama, anapiga pushapu tatu nne, anakimbia kidogo, anasimama, anapiga tena. Binti yangu akalala kifudifudi akawa anapiga naye. "Baba, ananiiga!" Tukakaa pale mpaka mwenyewe mjusi akachoka na sisi akaingia kwenye ufa. Pimbi nao wamejaa, ila hao ni wa kukaa tu na kukutazama kama wenye nyumba.

Chakula beba, lakini kikae kwenye hotpoti, hotpoti ndani ya begi, begi lifungwe zipu. Tumbili hawana aibu. Mtoto asitembee na ndizi mkononi.

Kuingia majini hapana kabisa. Mamba wapo, na kuna kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji na vinapenya ngozi, hasa pembeni penye maji ya kina kifupi na majani, palepale watoto wanapopenda kuchezea. Hili liwaze hata huko kwenye fukwe ulizotajiwa. Kama wameshachezea maji ya ziwa, wapeleke wakapimwe baada ya miezi miwili hivi, hata kama hawalalamiki. Dawa ipo na inatibu.

Beba kitambulisho cha NIDA ulipie bei ya Mtanzania, na usitegemee pesa taslimu peke yake.

Siku ziwa likichafuka tangu asubuhi, achaneni na boti, nendeni Bujora kule Kisesa, barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma, ngoma kubwa kubwa, na uwanja wa kukimbilia. Daladala za Kisesa zipo.