Kesi za mashamba zilimtangulia Gutenberg

Mmeuliza wiki hii: bila mashine ya kuchapia vitabu ya Mjerumani Gutenberg, watu wa kawaida wa Ulaya wangejifunza kusoma? Nasema ndiyo, na walikuwa wameshaanza. Biblia yake ilichapwa Mainz karibu na mwaka 1455. Kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuishi na hati kwa karne mbili na zaidi, na kilichowasukuma ni ardhi na kodi.

Kanisa lilitunza maandishi, sikatai. Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliagiza shule tangu mwaka 789. Lakini shule ya watawa haikumfikia mkulima, mahakama ilimfikia.

Zamani mtu alithibitisha shamba lake kwa mashahidi, pengine kwa bonge la udongo alilokabidhiwa mbele yao. Mashahidi hufa. Basi kuanzia Julai 1195 mahakama ya mfalme wa Uingereza ikawa inaandika mapatano ya ardhi mara tatu kwenye ngozi moja, kisha inaikata kwa mstari wa mawimbi. Kila upande uliondoka na nakala yake. Ya tatu, ile ya chini, ilibaki hazina. Ukileta ya kughushi, kingo zake hazioani na za hazina. Aliyewahi kuhangaika na kesi ya kiwanja hahitaji kuelezwa uzuri wa mpango huo.

Mwanahistoria Michael Clanchy alifuatilia nta ya mihuri iliyotumika katika ofisi ya hati za mfalme. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ilikuwa kilo moja na nusu hivi kwa wiki. Miaka arobaini baadaye, zaidi ya kilo 14. Kwangu nta hiyo ni ushahidi mzito kuliko maktaba yoyote ya watawa, maana kila barua iliyotoka ilihitaji mtu huko wilayani wa kuisoma.

Wengi walisomewa tu, tena Kilatini kikifasiriwa papo hapo. Hata hivyo, mwaka 1285 sheria iliwataka hata watwana wa mashamba, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wawe na mihuri ya kuthibitishia ushahidi wao. Waliona wazi nani ananufaika na herufi. Mtwana aliyempeleka mwanawe shule alitozwa faini na bwana wake, na kumbukumbu za mashamba zinaonyesha kuwa wapo waliolipa. Mwaka 1406 sheria ya Bunge ikamruhusu kila mwanamume na mwanamke, wa hali yoyote, kumpeleka mwanawe, wa kiume au wa kike, shule yoyote aipendayo nchini.