Maneno ya wimbo yananipotea jukwaani: nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mstaafu mwenye umri wa miaka 66, mkazi wa Tanga, na ninaimba katika kikundi cha taarab asilia kwa mapenzi tu, si kwa riziki. Nyumbani ninamaliza nyimbo zote bila kukwama, lakini nikipanda jukwaani ubeti wa tatu au wa nne hunitoka, na mara nyingine huurudia wa pili bila kujua. Je, huu ni uzee? Na ni aibu kuweka karatasi mbele yangu?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Umri una mchango wake, kwa sababu hupunguza wepesi wa kukumbuka jambo bila kudokezwa, ingawa uwezo wa kulitambua ukishadokezwa hubaki imara zaidi. Hata hivyo, mimi kama mwalimu wa uimbaji naitilia shaka zaidi namna unavyofanya mazoezi.

Anayeimba wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kila siku huizoesha akili kuupata kila mshororo kutokana na ule uliotangulia. Jukwaani mfuatano huo hukatwa makusudi: baada ya ubeti na kiitikio, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vidole) huchukua nafasi yao, nawe unasubiri zamu yako ukiwa kimya. Hapo ndipo anaposogea mtunzaji, yaani msikilizaji anayekuja kukutuza, na noti yake mkononi, akitaka umtazame na utabasamu (naye ana haki yake), na ukirejea kwenye kipaza sauti ubeti umeshaondoka. Nyumbani unaunganisha ubeti na ubeti, kwa hiyo hujawahi kujizoesha kuuanza ubeti wa tatu baada ya kimya.

Utungo wenyewe nao una mtego. Nyimbo nyingi za taarab zina beti za mishororo mitatu, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane, na beti hizo mara nyingi huzunguka wazo moja badala ya kusimulia kisa. Zinaweza kubadilishana nafasi bila maana kuharibika, tena kwa mahadhi yale yale, na ndiyo maana wa pili unajifanya wa tatu. Kinachozitofautisha ni vina. Chukua kadi moja, uandike namba ya kila ubeti, neno lake la kwanza, na vina vyake vya kati na vya mwisho, basi. Tuseme ubeti wa tatu unaanza hivi: «Moyo nimeuusia, uache kuhangaika». Kwenye kadi utaandika: 3, Moyo, -a, -ka. Ifunike kadi, uimbe ubeti wa tatu peke yake, kisha wa kwanza, kisha wa nne, na usitazame maneno kabla ya kujilazimisha kuyakumbuka, kwa kuwa jitihada hiyo huyakaza maneno kuliko kuyasoma mara nyingi. Rudia kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Yakishakaa, simama wima, uweke rekodi ya ala kwenye simu pamoja na vipande vyote visivyo na maneno, na umwombe mjukuu akusemeshe au akupe mkono wakati fidla inapolia.

Chunguza pia dawa unazotumia. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klofeniramini, pamoja na dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu, huweza kufifisha kumbukumbu, hasa kwa wazee. Lakini usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kumwuliza daktari. Ukianza kusahau njia uliyoizoea au mambo ya kawaida ya nyumbani, hilo si suala la mwalimu wa muziki, nenda hospitali mapema.

Karatasi si aibu. Ni kweli kwamba Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakuwa na elimu ya kusoma na aliyashika mashairi kwa kuyasikia, lakini hilo halikufungi. Ubaya wa karatasi yenye wimbo mzima ni kwamba jicho huifuata hata pale unapoyajua maneno, na wasikilizaji wa taarab hutaka kuimbiwa machoni. Weka ile kadi tu, kwa herufi kubwa, na uijaribu kwanza kwa umbali wa jukwaani, kwa maana miwani ya kusomea kitabu haikutengenezwa kwa stendi iliyo mbali nawe.

Neno likikupotea katikati ya mshororo, usinyamaze wala usitikise kichwa. Tia lingine lenye mizani na kina kile kile: «uache kusononeka» litapita, na huenda mtunzi pekee ndiye atakayegundua. Ukipotelewa na ubeti mzima, hapo unahitaji wenzako, kwa hiyo kubaliana mapema na mpigaji wa kanuni kwamba ukimgeukia kabla ya zamu yako, kipande cha ala kinarudiwa tena.