Maswali yenu: "Ana ego" maana yake nini?

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mstari mmoja tu neno "ego", nikasema watu wa mjini wamelichukua kwa Waingereza bila kuliuliza limetoka wapi. Mstari huo umeniletea maswali kuliko makala yote. Nimechagua machache, marefu nimeyapunguza.

Shikamoo mwalimu. Kwenye tathmini ya mwaka msimamizi wangu kaandika "good work, but has an ego". Nimeumia kweli. Hilo ni tusi? (Mfanyakazi, Dar es Salaam)

Marahaba. Tusi halijafika, ila sifa nayo si. Neno ni la Kilatini na maana yake ni "mimi", basi. Kwa hesabu hiyo kila mtu anayo ego, hata msimamizi wako. Lakini ukimtaja mtu kwa kitu ambacho kila mtu anacho, unamaanisha chake kimezidi. Sisi tukisema "yule dada ana mdomo", hatuna maana kwamba wenzake hawana midomo. "Has an ego" imejengwa vivyo hivyo. Anasema kazi yako haina kasoro, tatizo ni kwamba ukiambiwa neno hulipokei. Umeandika kwamba umeumia kweli. Hebu soma na jibu linalofuata, na usinikasirikie.

Kiswahili cha "ego" ni kipi? Kamusi ya kwenye simu inanipa "kiburi", rafiki yangu anasema "ubinafsi", mwingine "maringo". (Mwanafunzi wa chuo, Eldoret)

Wote watatu wamepita karibu, hakuna aliyegonga. Maringo, madaha, nyodo na mapozi ni mambo ya mwili: shingo, mwendo, namna mtu anavyoshika pochi. Unayaona mtu akipita. Ubinafsi ni mambo ya mgawo, nani kala na kambakishia nani. Ego huioni mtu akipita, unaiona akikosolewa.

Kuna fundi cherehani mmoja aliyenishonea shati. Mpole, kandambili zake kamba moja imefungwa kwa waya, na watoto wa mtaa mzima anawasalimia kwa majina. Maringo hana hata chembe. Nilipolivaa shati, mkono wa kulia ulinifika kwenye dole gumba, wa kushoto ukaishia juu ya saa. Nikamwonyesha. Akavuta utepe shingoni, akapima mkono mmoja wa shati, akapima wa pili, akanyamaza. Kisha akageuka akanipima mimi, bega hadi kiganja, pande zote mbili. "Bwana," akasema, "huu wa kushoto Mungu amekupunguzia." Mteja aliyekaa kwenye benchi akaangua kicheko. Fundi hakucheka.

Ile ndiyo ego, nayo ilikuwa imevaa kandambili.

Sasa tazama Kiswahili kinavyolishughulikia jambo hili. Kujiona, kujisikia, kujivuna, kujidai, kujigamba, kujitapa, kujikweza, kujinata, na lile la vijana wa Bongo, kujimwambafai. Kote humo kuna -ji-. Mwingereza alilazimika kwenda kukopa "mimi" ya Warumi na kuigeuza jina la kitu kilichomo ndani ya mtu, kama figo. Sisi tuna herufi mbili katikati ya kitenzi na kazi imekwisha. Kwetu mtu hana ego, mtu anafanya: anajiona. Anajiona nini? Hatusemi. Sentensi inaachwa wazi, msikilizaji anaijaza mwenyewe. Kujisikia lina mtego wake, maana "najisikia vibaya" ni homa, lakini "anajisikia" bila neno lolote mbele yake ni majivuno matupu. Nimemsikia mgeni anayejifunza lugha akimwambia daktari "najisikia sana", na daktari akashindwa aandike nini.

Ukinibana nikupe nomino moja, nitakupa "makuu". Limezoea kukaa kwenye kukanusha zaidi: "marehemu hakuwa na makuu". Sijui msiba ambao sijaisikia sentensi hiyo, hata pale ambapo sote tuliokaa kwenye mkeka tulikuwa tunatazama chini.

Mimi ni mtu mzima wa Pemba. Hayo yote unayoyazungusha si kiburi tu? (Msomaji, Chake Chake)

Shikamoo mzee wangu. Kwa asili yake ungekuwa sawa, maana kiburi tumekipata kwenye mzizi wa Kiarabu wa ukubwa, ule ule wa takbira. Lakini kwa matumizi ya leo kimehama kidogo. Mtoto akiitwa asiitike, "ana kiburi". Mpangaji akiambiwa ahame akakaa kimya, kiburi. Kinahitaji mtu wa kufanyiwa. Ego inaweza kujifungia chumbani ikanuna peke yake siku tatu.

Kwenye saikolojia tunafundishwa kwamba ego ni sehemu ya akili inayotusaidia. Mbona mtaani ni kitu kibaya? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa sababu ni maneno mawili yaliyovaa sare moja. Mwaka 1923 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha kitabu akitumia maneno ya Kijerumani anayoyajua hata mtoto: "Ich", yaani mimi, na "Es", kiwakilishi wanachokitumia kwa kitu kisicho mtu. Neno ego hakuliandika. Kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1927, "mimi" ile ya kawaida ikavalishwa joho la Kilatini ikawa "ego", na mwenzake akawa "id". Msomaji wa Kijerumani aliona neno analolitumia anapoagiza chai. Msomaji wa Kiingereza aliona kitu cha maabara. Binafsi naona wafasiri walimwonea bwana yule.

Huyo "mimi" wa Freud hana majivuno, ana kazi ngumu. Yuko katikati: upande mmoja tamaa zinazotaka kila kitu sasa hivi, upande mwingine dhamiri inayokaripia, na nje kuna dunia yenye bei na sheria. Freud alimfananisha na mpanda farasi anayemzuia mnyama aliyemzidi nguvu, na ambaye mara nyingi humwelekeza farasi kulekule farasi anakotaka kwenda. Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike kwamba ego ni majivuno, utanyimwa alama. Na nyumbani usimwambie mama mkwe kwamba una ego imara.

"Egoist" na "egotist": moja limekosewa tahajia? (Mhariri mchanga, Nairobi)

La, yote mawili yamo kwenye kamusi. "Egotist" ni mtu wa mimi, mimi, mimi: ukimsimulia ajali yako, anakusimulia yake. "Egoist" ni yule anayetanguliza faida yake, na wanafalsafa hulitumia kwa anayeamini kwamba ndivyo inavyopasa. Kwa ufupi, wa kwanza shida yake ni ulimi, wa pili ni mfuko, na kwa huyo wa pili "mbinafsi" linatosha kabisa. Waingereza wenyewe huyachanganya kila siku, basi usihangaike sana.

Ila kisa cha lile lenye t mbili kinanifurahisha. Mwaka 1714 Joseph Addison, mwandishi Mwingereza, aliandika mjini London kwamba wanazuoni wa Port-Royal, Ufaransa, walichukizwa mno na mwandishi kujitajataja, wakaipa tabia hiyo jina hilo, na katika vitabu vyao wakaifukuza nafsi ya kwanza kabisa. Nimejaribu kuandika safu hii kwa masharti yao. Nilifika aya ya pili.

Mume wangu nikimsahihisha mbele ya watu husema "unaniumiza ego". Nimwombe radhi? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Dada yangu, umeandika "mbele ya watu", na nusu ya jibu iko hapo. Jambo hilo lina jina la siku nyingi kabla ya ego kuingia mjini: kumvunjia mtu heshima, kumshushia hadhi. Radhi huombwa, awe mume, awe mke, awe mtoto wa darasa la tatu. Heshima tunapewa na watu, na inahitaji watu ili ivunjike.

Nusu ya pili utaipata mwenyewe. Siku moja mkiwa wawili tu, taa imezimwa, watoto wamelala, mwambie kwa upole kwamba ile njia aliyowapitisha Jumamosi haikuwa ya mkato. Akicheka, basi siku zote aliposema ego alikuwa anamaanisha heshima, neno tu lilimponyoka. Akigeukia ukutani, neno alilipatia.

Nasikia wanamuziki wana "alter ego". Ni ego ya pili, kubwa zaidi? (Kijana, Bujumbura)

Hapana, hapo neno limebaki na maana yake ya Kilatini: "mimi mwingine". Beyoncé mwaka 2008 alipojiita Sasha Fierce, alikuwa anampa jina yule anayepanda jukwaani. Zamani lilitumika kwa rafiki wa kufa na kuzikana, na kwa maana hiyo "pacha wangu" la mtaani linalitosha.

Hongera kwa safu bora ya lugha kuliko zote ninazozisoma. Waingereza husema "massage somebody's ego", yaani kuikanda. Sisi tunasemaje? (Msomaji wa siku nyingi, Muscat)

Tunamvika mtu kilemba cha ukoka. Kuna pia kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini hapo hadaa ndiyo inayoongoza. Kilemba ni kwa ajili ya sifa. Napenda tofauti ya picha hizi mbili. Mwingereza anamlaza mtu kifudifudi, anamkanda mabega, mambo ni ya siri na mkandwaji anapata raha yake. Mswahili anamsimamisha barazani na majani ya mbuzi kichwani, wapita njia wote wanayaona, yeye peke yake anahisi hariri.

Swali lako ni zuri, na nilitaka kulijibu siku ile ile. Ila sentensi yako ya kwanza niliisoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu, na swali lenyewe nimeliona jana.