Mwanangu, anza na farasi

Mwanangu,

Salamu. Umeniuliza kwa nini albamu ya stempu za sarakasi uliyonunua imejaa tembo na wachekeshaji, na kama kweli sarakasi ilianza na hao. Hapana, ilianza na farasi.

Sisi tukitaja sarakasi tunawaona vijana wanaopandana mabegani. Ile ya Ulaya, ya ulingo wa duara, ni ya Philip Astley, mwanajeshi mstaafu aliyeanza kuonyesha London mwaka 1768, akisimama wima juu ya farasi anayekimbia. Siri iko kwenye duara. Farasi akizunguka kwa mwendo usiobadilika, mpandaji huegemea ndani, na msukumo wa mzunguko unaomvuta nje humshikilia asianguke. Duara likiwa pana mno msukumo hupungua. Likiwa dogo mno farasi hana nafasi ya kukimbia. Kipimo kilichodumu ni futi 42, karibu mita 13. Bembea ya hewani ilikuja baadaye sana, kwa Jules Léotard, Paris, 1859.

Sasa angalia stempu. Ya Marekani ya 1966, senti 5, ni mchekeshaji. Mwaka 1993 wakatoa nne za senti 29: mchekeshaji, kiongozi wa onyesho, mrukaji wa bembea na tembo. Farasi hakupewa yake! Mwaka 2002 sarakasi ilikuwa mada ya stempu za Europa, zile ambazo posta za nchi za Ulaya hutoa kila mwaka kwa mada moja. Uingereza ikatoa tano, moja ikiwa ya mwanamke juu ya farasi. Hiyo iweke ukurasa wa kwanza. Ukiona orodha moja ya stempu inasema zilitoka 9 Aprili na nyingine 10, ni kwamba zilipangiwa tarehe 9, siku aliyozikwa mama yake Malkia Elizabeth, zikasogezwa kesho yake.

Zilizobandikwa bahasha, kama ya 1966, zilowekwe maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20. Usivute, zitajiachia, kisha zilaze kifudifudi kwenye karatasi inayonyonya maji. Bahasha ya rangi iloweke peke yake, huchuja. Mpya zenye gundi zisiguse maji kabisa, na joto la pwani lisizikute zimelaliana, zitagandana. Zile za mabango ya sarakasi, Marekani 2014, ni za kubandua na kubandika bila kulowesha. Gundi yake ni sugu kwa maji. Zikate pamoja na kipande cha bahasha, uache sentimita moja kila upande.

Baba yako