Pedali mbili za mwangwi zinanigombania

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga gita la solo kwenye kabendi ketu hapa Tanga, tuko wanne, kazi zetu ni maharusi na mara moja moja hoteli za kule Raskazone. Nilikuwa na pedali moja ya dilei, ile ya kurudisha sauti kama mwangwi, digitali, juzi rafiki yangu kaniuzia ya pili ya mtumba, hii ni analogi, nikasema sasa ntatoa sauti ambazo mjini hapa hakuna anazo. Nikiwasha moja moja ziko poa ila nikiwasha zote inakuwa kama soko la Mgandini asubuhi, kila mtu anaongea. Mpiga kinanda wetu anasema digitali ndo itangulie, wa besi anasema analogi. Nani mkweli?
Solo wa Makorora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Waambie wenzio waache kwanza kubishana, maana kwa muda wa miangwi yenyewe ipi itangulie wala haibadilishi kitu. Jaribu hivi, kila pedali iweke irudie mara moja tu, analogi milisekunde 300, digitali 450, halafu gonga noti moja uache. Utasikia mwangwi kwenye 300, mwingine kwenye 450, na wa tatu kwenye 750, huo wa tatu hukuuweka wewe, ni pedali ya pili imeurudia mwangwi wa ile ya kwanza. Sasa zigeuze. Namba zinatoka zile zile.

Kinachokuumiza ni fidibaki, ile nobu ya kurudia. Peke yake ukiiweka irudie mara tano haina shida, lakini mbili zikifuatana kila moja mara tano, noti moja inakuzalia miangwi 35, na wewe hapo ushagonga noti nyingine kumi. Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo, mwangwi wako waja leo hauondoki! Basi moja irudie mara moja au mbili, nyingine tatu, na level ya zote iwe chini ya gita lenyewe.

Hizo 300 na 450 sijaziokota barabarani. Nyimbo yenye mapigo 100 kwa dakika, gawa 60,000 kwa 100 unapata milisekunde 600 kwa pigo, kwa hiyo 300 ni nusu pigo na 450 ni robo tatu, na hiyo robo tatu ndo tamu, inaangukia pale vidole vyako havipo, mtu akisikia anadhani kuna gita la pili linajibu. Wazee wa bendi ya Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga majibizano hayo walikuwa wanayafanya kwa magita ya kweli, watu kamili.

Mpangilio unaanza kuwa na maana ukitaka vituko. Analogi ndani yake ina chipu, wazo lake lilitoka kwa watafiti wa Philips mwaka 1969, inapokezana umeme kama watu waliopanga foleni wanapokezana ndoo za maji, ndo maana sauti inarudi imefifia kidogo. Ukizungusha nobu ya muda huku inalia ni kama umewaharakisha wale wa ndoo, sauti iliyomo ndani inapanda juu, ukiwachelewesha inashuka. Sasa analogi ikitangulia, unaipindisha sauti halafu digitali inaidaka na kuirudia vile vile imepinda. Ikikaa mwisho, unapindisha hata miangwi ya digitali. Mi napenda ikae mwisho, karibu na mguu.

Fidibaki ya analogi ukiipandisha sana inaanza kujilisha yenyewe na kupiga mluzi, na hapo ukishika nyuzi haisaidii kitu. Siku moja Ngamiani harusini nimebana nyuzi zote sita kwa kiganja na bado inapanda tu, MC anageuza geuza maiki yake akidhani ndo yenyewe, mama wa bwana harusi kaziba masikio kwa khanga. Rudisha nobu, achana na nyuzi. Na kama una pedali ya kukwaruza sauti (distosheni) iweke kabla ya dilei zote, ikikaa nyuma yake miangwi yote inakwaruzwa kwa pamoja na unarudi kule kule Mgandini.

Halafu angalia adapta. Pedali nyingi ni volti 9, hasi katikati ya plagi, lakini soma chini ya zako maana hiyo moja ni ya mtumba, na jumlisha mA (miliampia, umeme unaoliwa) za zote mbili adapta iwe na zaidi ya hapo. Digitali na analogi zikichangia waya mmoja mara nyingine kunatokea mlio mwembamba kama mbu sikioni, ukiusikia kila moja ipe adapta yake.

Mpiga kinanda akiendelea kubisha, weka ile 300 na 450, mwambie ageukie ukutani, we uzipange upya mara tano halafu akuambie ipi iko mbele.