Picha ya CT ni safi: je, kotabeki aanze mechi ya Ijumaa?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mwanangu ana miaka 16 na ndiye kotabeki anayeanza, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yake ya sekondari hapa Dallas, Texas. Ijumaa iliyopita aliangushwa chali na kisogo chake kikagonga chini. Hakuzimia, na katika idara ya dharura alipigwa picha ya CT ambayo ilionekana safi. Leo ni Jumatatu. Anasema yuko sawa, ila taa za darasani zinamuumiza macho na jana alilala mchana kutwa. Kocha ameniambia kwamba hajui amwanzishe nani Ijumaa hii, kwa kuwa kotabeki wa akiba bado mgeni, na kwamba ataamua siku yenyewe. Jamaa yetu mmoja ametuletea vidonge vya mafuta ya samaki na manjano ambavyo anadai huponya ubongo haraka, pamoja na kola ya kuvaa shingoni. Kama picha ni safi, kwa nini asicheze?
Mama wa kotabeki, Dallas

JIBU: Mama, Ijumaa hii mwanao hachezi, na kwa hesabu nitakayoieleza hapa chini, Ijumaa inayofuata pia msimtegemee. Macho yanayoumizwa na taa na usingizi wa mchana kutwa baada ya kisogo kugonga chini ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na hilo sihitaji picha kulitambua. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho, ambayo naisikia msimu mzima kutoka kwa wazazi, kwa makocha, na wakati mwingine, jambo linalonisikitisha zaidi, kwa watu wa taaluma yangu wenyewe: picha ni safi, basi mtoto ni mzima.

Mtu aliyegonga kichwa hupigwa picha ya CT ili kutafuta damu iliyovuja ndani ya fuvu, mfupa uliovunjika, au uvimbe mkubwa unaoukandamiza ubongo. Hayo ni mambo ya kuua, na daktari wa dharura alifanya vyema kuyaondoa katika hesabu ikiwa aliyashuku. Mtikisiko wa ubongo, hata hivyo, haumo katika orodha hiyo. Kichwa kinaposimamishwa ghafla, ubongo huendelea kusogea na kujipinda ndani ya fuvu. Seli zake hupoteza mpangilio wa kawaida wa madini, potasiamu ikatoka nje na kalsiamu ikaingia ndani, nazo hulazimika kutumia nishati nyingi kuurudisha mpangilio huo katika siku zile zile ambazo damu inayoleta nishati hiyo imepungua. Tatizo ni la utendaji wa seli, si la umbo la ubongo, na ukiipiga redio picha hutajua kama inashika stesheni. Kwa hiyo picha safi ndiyo matokeo ya kawaida kabisa kwa mwenye mtikisiko, wala si ushahidi kwamba hana. Hata kipimo cha damu ambacho Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2018, na ambacho watu hunitajia kana kwamba kimemaliza ubishi, kililenga kumsaidia daktari kuamua kama mtu mzima aliyeumia kichwa anahitaji picha ya CT au la. Hakikuletwa kumruhusu kijana wa miaka 16 arudi uwanjani. Na kuhusu kutozimia, wagonjwa walio wengi sana hawazimii.

Ikiwa picha haisemi na damu haisemi, daktari anategemea nini? Anategemea uchunguzi wa macho, mizani ya mwili, kumbukumbu na wepesi wa kuitikia, na zaidi ya yote anategemea maneno ya mgonjwa mwenyewe. Fomu ya SCAT6, ambayo wataalamu wa michezo duniani huitumia, ina orodha ya dalili 22, kuanzia maumivu ya kichwa hadi kuhisi kama mtu yuko ndani ya ukungu, na mchezaji hujipa alama kuanzia 0 hadi 6 kwa kila dalili. Mchezaji akiandika sifuri ishirini na mbili huku kichwa kinamgonga, hakuna mashine itakayomsuta. Sisi madaktari tunatibu kwa kutegemea ukweli wa kijana, na hapa ndipo kocha wako anapoharibu tiba bila kukusudia.

Anaposema kwamba ataamua siku ya mechi, anafikiri kwamba anakuwa mwangalifu. Kwa kijana, kauli hiyo ina maana moja tu: nafasi bado iko wazi, na atakayeifunga ni yule atakayesema anaumwa. Kotabeki ndiye anayepokea mpira karibu katika kila shambulizi, ndiye anayetangaza mipango ya mashambulizi kwa wenzake, na anajua kwamba mgeni akicheza vizuri usiku mmoja huenda nafasi isirudi. Je, unatarajia akwambie kwamba taa zinamuumiza? Mwanao amekwambia jambo hilo la taa, na hiyo ni bahati ambayo wazazi wengi hawaipati. Ukiiacha nafasi wazi hadi Ijumaa, naona ataacha kukwambia kufikia Jumatano. Kocha amtangaze kotabeki wa akiba leo, mbele ya timu nzima, ampe mazoezi ya wiki nzima pamoja na kikosi cha kwanza na kumpunguzia idadi ya mipango ya kukariri, na mwanao aelezwe wazi kwamba nafasi yake haitaamuliwa na mechi hii. Baada ya hapo ndipo nitakapoyaamini majibu yake.

Isitoshe, uamuzi ambao kocha anajipa si wake. Texas ina sheria ya mwaka 2011, inayojulikana kama Sheria ya Natasha, inayotaka mwanafunzi anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo aondolewe mchezoni mara moja na asirejee mpaka achunguzwe na daktari aliyechaguliwa na mzazi au mwanafunzi mwenyewe, amalize hatua zote za kurejea, na daktari aandike kwamba ni salama kurudi. Sheria hiyo inamkataza kocha waziwazi kumruhusu mwanafunzi kurudi. Majimbo yote ya Marekani yamekuwa na sheria za namna hii tangu mwaka 2014, na mwanzo wake ni jimbo la Washington, ambako Zackery Lystedt, kijana wa miaka 13, aligonga kichwa katika mechi ya shule mwaka 2006, akapumzishwa kidogo, akarudishwa uwanjani, kisha akaanguka kwa kuvuja damu ndani ya fuvu na kubaki na ulemavu mkubwa. Sheria inayobeba jina lake ilitiwa saini mwaka 2009.

Wapo watakaokwambia kwamba hayo ni ya watoto na kwamba wachezaji wa kulipwa hurudi baada ya dakika chache. Waulize kuhusu Miami mwaka 2022. Tarehe 25 Septemba, kotabeki wa Miami Dolphins, timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, Tua Tagovailoa, alisukumwa katika mechi dhidi ya Buffalo Bills, kichwa chake kikagonga nyasi, akainuka akipepesuka mbele ya kamera, na bado akarudi kucheza kipindi cha pili, maelezo yakiwa kwamba tatizo lilikuwa mgongo. Siku nne baadaye, jijini Cincinnati, aliangushwa tena na vidole vyake vikakakamaa mbele ya uso wake, ishara ambayo daktari yeyote anaijua, akatolewa kwa machela. Haikupita wiki mbili, ligi na chama cha wachezaji wakabadilisha utaratibu: mchezaji akionyesha kupepesuka au kushindwa kuratibu viungo vyake, harudi siku hiyo, hata atoe maelezo gani. Tagovailoa alipata mtikisiko mwingine wakati wa Krismasi mwaka huo huo, na Dolphins wakaingia katika mechi ya mtoano dhidi ya Buffalo Januari 2023 wakiwa na Skylar Thompson, kotabeki aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa ligi. Walifungwa 34 kwa 31. Timu yenye madaktari, fedha na kamera za kila pembe ilimaliza msimu na mgeni, na mgeni huyo alikaribia kushinda. Kocha wa shule yako halazimiki kumwogopa wake kiasi hicho.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Mapendekezo ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 yanaweka hatua sita, na kila hatua huchukua angalau saa 24. Siku moja au mbili za mwanzo ni za kupumzika kwa kiasi na kupunguza simu na televisheni; kumfungia mtoto katika chumba chenye giza kwa wiki nzima, kama wengi wanavyofanya bado, hakumsaidii. Kisha huanza matembezi na baiskeli ya mazoezi, halafu mazoezi ya mchezo akiwa peke yake. Hatua hizi tatu za mwanzo anaweza kuzifanya hata kama dalili ndogo zimebaki, mradi zisizidi sana wala kudumu. Hatua ya nne, ambayo ni mazoezi na wenzake bila kugongana, haianzi mpaka dalili zote ziwe zimekwisha, akiwa amepumzika na hata baada ya kutoka jasho, na lazima awe amerudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi mchezoni kikamilifu. Mwanao leo taa za darasani zinamshinda. Vijana wengi wa umri wake hupona ndani ya wiki nne, na huo ndio muda ambao kocha anapaswa kuupanga kichwani mwake.

Kuna jambo linalomhusu kotabeki peke yake, ambalo hata shule zenye utaratibu mzuri hulisahau. Hatua ya tano ni mazoezi kamili yenye kugongana, lakini katika timu nyingi kotabeki huvaa jezi ya rangi tofauti mazoezini na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Kwa hiyo hupita hatua hiyo kwenye karatasi bila kuipita mwilini, na mara ya kwanza kujaribiwa huwa ni ndani ya mechi, akiwa amewaangalia mbali wenzake wa kupokea pasi huku beki wa timu pinzani anamjia upande asiouona. Muulize mhudumu wa afya wa timu ni kwa njia gani atampima macho, mizani na wepesi wa kuitikia mwanao akiwa anakimbia na kugeuza kichwa, kwa sababu kurusha mpira vizuri akiwa amesimama hakuthibitishi lolote. Kijana ambaye ubongo wake umechelewa sehemu ya sekunde hubaki na mpira muda mrefu zaidi, na kotabeki anayebaki na mpira ndiye anayeangushwa. Pigo la pili kabla ya kupona hurefusha ugonjwa, na katika visa vichache, hasa kwa vijana, ubongo huvimba ghafla na kuua. Visa hivyo ni nadra, nami sivitaji ili kukutisha. Navitaja kwa kuwa karibu vyote vinaepukika kwa kukaa benchi.

Nimalizie na mizigo ya jamaa yenu. Mafuta ya samaki ni chakula kizuri, na manjano ni kiungo kizuri cha pilau, lakini hakuna kidonge cha aina hiyo kilichothibitishwa kutibu mtikisiko wa ubongo au kufupisha muda wake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitoa onyo mwishoni mwa mwaka 2013 dhidi ya bidhaa hizi hizi, na wauzaji wamebadilisha chupa tu. Madhara yake makubwa hayatokani na kilichomo ndani. Yanatokana na familia kuamini kwamba mtoto ametibiwa na hivyo anaweza kurudi. Kuhusu kola, ipo moja iliyoruhusiwa na mamlaka hiyo mwaka 2021, na hata hiyo haikuruhusiwa kwa madai ya kuzuia mtikisiko wa ubongo. Zilizobaki ni biashara. Helmeti nayo, hata iwe ya bei gani, ilibuniwa kulikinga fuvu lisivunjike, haiwezi kuuzuia ubongo kusogea ndani yake. Vichupa vya amonia vya kunusa, ambavyo NFL ilizikataza timu kuwagawia wachezaji mwaka 2025, humzindua mtu kwa muda na kuficha dalili ambazo tunazitafuta. Hata dawa ya kawaida ya maumivu, ambayo simkatazi mwanao, inapaswa kutajwa kwa daktari, kwa maana kijana aliyeinywa saa moja kabla ya uchunguzi atasema kweli kabisa kwamba kichwa hakimuumi. Ninawaona watu hawa wanaouza njia za mkato wakizunguka makanisani, misikitini na kwenye makundi ya WhatsApp ya jamii zetu ughaibuni, wakijua kwamba wazazi wengi wanaona haya kuuliza maswali hospitalini kwa Kiingereza. Una haki ya kuomba mkalimani bila malipo katika hospitali nyingi za huko, na ukalimani huo usifanywe na mtoto mwenyewe.

Akianza kutapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, usemi ukibadilika, mkono au mguu ukilegea, au ukishindwa kumwamsha, piga 911, namba ya dharura, bila kusubiri, picha safi ya juzi isikuzuie. Vinginevyo mpeleke wiki hii kwa daktari anayeshughulikia mitikisiko ya ubongo, si idara ya dharura tena. Shule itakuletea fomu ya kukubali arudi mchezoni, nayo inahitaji saini yako. Kama haina barua ya daktari huyo, au imeletwa Ijumaa mchana pamoja na maneno kwamba timu inamngoja, usiisaini.