Kwa nini sikuyachukua yale makaratasi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ile picha uliyonitumia nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Kumbe hatimaye umeingia maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika huko London, ukaletewa mashairi ya Muyaka, yule malenga wa Mombasa, kwa mwandiko wa Mwalimu Sikujua, kwa hati za Kiarabu, na maelezo ya Taylor, yule mmisionari Mwingereza, pembezoni. Kisha ukaniuliza: kama yangebaki Mombasa, yangekuwapo leo? Na mimi niliyezunguka Lamu na Pate miaka yote ile kwa kazi ya shirika, kupiga picha miswada ya kale, mbona nilikuwa nikiyaacha makaratasi kwenye makasha ya watu?

La kwanza nakujibu upesi. Huenda yasingekuwapo. Muyaka alifariki 1840, na mengi tuliyonayo tunayo kwa sababu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, akampa Taylor. Sina kinyongo na hilo. Ila hesabu vilivyokufikisha pale: viza, nauli, kadi ya maktaba. Nyanyako aliyajua mangapi kwa moyo, na karatasi ile hakuwahi kuiona.

La pili ni refu.

Mara ya kwanza Siyu, mji uliosifika kwa wanakili wa misahafu, bibi mmoja alitupa kahawa, akatupa tende. Kitabu hakutupa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akalifungua kasha: kitabu kimefungwa kwa leso kuukuu, ndani mna karafuu za kufukuza wadudu. Akatuambia mjombake aliwahi kumwazima mgeni, kikarudi kimepungua kurasa. Sasa hapo, mwanangu, ningemwambia nini? Nipe nikakutunzie Nairobi?

Basi tulifanya kazi pale pale, uani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kitabu juu ya mto ili uti wake usivunjike, rula pembeni, bibi mwenyewe akifunua kurasa. Nakala moja ilibaki kwake, moja madrasa, moja kwetu. Na mafunzo yetu makubwa, utacheka, yalikuwa kuwaomba watu wasitie selotepu. Mchwa wana hatari yao, lakini selotepu huwekwa kwa mapenzi. Baada ya miaka gundi yake hugeuka rangi ya chai na kula maandishi yaliyo chini yake.

Usidhani mtandao ndio kasha lisilovuja. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, na asili zenyewe zikabaki Lamu. Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia maktaba hiyo, picha zikawa hazifunguki kwa muda. Lamu watu walikuwa wakifunua vitabu vyao kama kawaida.

Lakini sitakuficha. Kuna nyumba moja Pate, sitaitaja, yenye vitabu na barua za biashara za babu wa babu yao. Mzee alitaka tumngoje mpwa wake arudi safari, ndipo tuendelee. Tulikuwa tumepiga picha kurasa arobaini. Tukangoja, ufadhili ukaisha kabla mpwa hajarudi. Masika yakaingia, paa likaanguka usiku. Nilipofika, mzee alikuwa ameanika makaratasi kwenye kamba ya nguo, yameshikamana kama mkate wa maji uliobanduliwa vibaya. Hakunilaumu. Ulikuwa kidato cha pili. Utakumbuka nilirudi nikalala siku nzima, nikasema ni malaria. Haikuwa malaria.

Ungeniuliza leo, bado ningengoja ruhusa yake. Kitabu kilichochukuliwa kwa hila hufunga makasha yote ya mtaa, hilo nililiona kwa bibi wa Siyu. Ila nisingekaa Mombasa nikijaza ripoti. Ningenunua turubai kwa pesa yangu. Wafadhili walilipia kamera, hawakulipia bati, nami sikupiga kelele ya kutosha.

Ukirudi huko maktaba, nipigie picha nyingine ya ule ukurasa, karibu zaidi, upande wa kushoto. Mwandiko wa Taylor hapo sijauweza. Kuna ubeti nyanyako akiusema kwa namna nyingine, nami nilikuwa nikimsahihisha mbele ya wageni. Nataka nijue nani alikosea.

Mamako